Sijatukanwa, ila sipandi: jibu kwa mfanyakazi wa kiwanda Mafinga

Swali: Shikamoo wakili. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha vinia (zile mbao nyembamba kama karatasi) na plaiwudi hapa Mafinga, huu ni mwaka wa sita. Nilianza kwa kuanika vinia juani, sasa niko kwenye mashine ya kukaushia, na wapya wakija naambiwa niwafundishe. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu, ukiisha unaongezwa mwingine. Wasimamizi wa zamu wote ni wageni waliokuja na mwekezaji, na watatu kati yao hiyo mashine nimewafundisha mimi. Nilipoomba usimamizi nikajibiwa kwa mdomo kwamba utaratibu wa kampuni unataka diploma na kujua lugha ya wakubwa. Choo chao ni cha ndani na kina kufuli, chetu ni cha shimo nyuma ya uwanja wa magogo. Hakuna aliyewahi kunitukana kwa rangi yangu. Mume wangu anasema huo si ubaguzi, ni mambo ya kazi tu, na nikinyanyua mdomo mkataba hautaongezwa. Je, huu ni ubaguzi? Na nifanye nini?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kwa ulivyoeleza, dalili za ubaguzi zipo na ni nzito. Kwamba hujatukanwa hakuziondoi. Sheria yetu haikudai uthibitishe kuwa fulani anakuchukia. Inaangalia utaratibu wa kazi unampa nani nini na unamnyima nani, na kama sababu ya kunyima inahusiana kweli na kazi yenyewe.

Kuna kesi ya Marekani ambayo ukiisikiliza utadhani inasimulia kiwanda chenu. Katika mtambo mmoja wa umeme wa kampuni ya Duke Power, jimbo la North Carolina, wafanyakazi weusi walikuwa wakipangwa idara moja tu, ile ya vibarua, na aliyelipwa vizuri kuliko wote katika idara hiyo alipata pungufu ya aliyelipwa kidogo kuliko wote katika idara nyingine. Sheria ya kukataza ubaguzi kazini ilipoanza kutumika mwaka 1965, kampuni haikuweka tena kizuizi cha rangi. Iliweka masharti: cheti cha sekondari na kufaulu mitihani fulani. Masharti yalikuwa ya wote, hayakutaja rangi ya mtu. Lakini wazungu wengi waliokuwa tayari kwenye idara zile hawakuwa na cheti hicho na kazi yao walikuwa wakiifanya vizuri tu. Willie Griggs na wenzake walishtaki, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa haki. Ilisema sharti linaloonekana sawa kwa wote ni ubaguzi ikiwa linawachuja watu wa rangi moja na mwajiri hawezi kuonyesha kwamba linahitajika kwa kazi. Nia njema ya mwajiri haikumwokoa.

Sasa rudi kwenye mashine yako. Umeambiwa msimamizi lazima awe na diploma. Hao watatu uliowafundisha, diploma zao zinahusu nini ikiwa kazi yenyewe wamejifunzia kwako? Huenda lipo jibu la maana. Huenda halipo. Lakini swali hilo ndilo kiini cha shauri lako, na linatosha kulianzisha.

Kwetu hapa msingi ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, kwa njia ya wazi au isiyo ya wazi, kwa sababu ya rangi, utaifa, kabila au mahali anakotoka, asili, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri na mengine. Na kinaposema utaratibu wa kazi hakimaanishi mshahara peke yake. Matangazo ya nafasi, kupanga madaraja, mafunzo, kupandishwa cheo, nidhamu, hata mazingira ya kazi na huduma zake, vyote vimo. Hicho choo chenye kufuli nacho kimo, nitakirudia.

Kuna kifungu kidogo cha 8 ndani ya kifungu hicho ambacho wafanyakazi wengi hawajawahi kusomewa, nami natamani kila mtu wa zamu yako akijue. Mfanyakazi akishaonyesha picha ya awali kwamba pana ubaguzi, mzigo unahama. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba tofauti ile ina sababu inayokubalika kisheria. Wewe hutakiwi kuingia kichwani mwa meneja. Unatakiwa kuleta ile picha ya awali, na picha hiyo hutengenezwa kwa kumbukumbu.

Nunua kaunta buku ndogo, ikae nyumbani, isionekane kiwandani. Chora safu: kazi ya mtu, mwaka alioingia, alianza na kazi gani, sasa anafanya nini, mkataba wa aina gani, nani alimfundisha. Mstari mmoja kwa kila mtu wa zamu yako unayemjua, wenyeji na wageni. Mstari wa mmoja wa wale watatu unaweza kusomeka hivi: "Msimamizi wa zamu ya usiku. Kaja mwaka jana mwezi wa tatu. Nilimfundisha joto la mashine na kukagua unyevu wa vinia kwa wiki mbili. Sasa ndiye anayesaini kadi yangu ya zamu." Ukifika mstari wa ishirini, kama mpangilio upo utajitokeza wenyewe, na hata asiyejua lolote kuhusu mbao atauona.

Andika ulichoona na kusikia. Ukiandika "alinidharau", upande wa pili utalikana kwa neno moja. Ukiandika "tarehe 4, saa mbili asubuhi, mbele ya fulani na fulani, alisema watu wa hapa hawawezi kusimamia wenzao", hapo kuna kitu cha kuulizia mashahidi. Elimu ya mtu usiibuni, kama huijui andika huijui. Na usichukue nyaraka za ofisini wala kupiga picha orodha ya mishahara ya watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwajiri atafurahi sana kukugeuza wewe kuwa mkosaji. Slipu zako, mikataba yako yote tangu wa kwanza, kadi zako za zamu, ujumbe uliotumiwa kwenye simu yako: hivyo ni vyako, vitunze.

Lazima pia nikuambie upande wa mwajiri unaweza kusimama wapi, maana atausema. Sheria inaruhusu kutofautisha watu kwa mahitaji halisi ya kazi. Fundi aliyesomea mitambo ya presi ya moto akilipwa zaidi yako, peke yake si ubaguzi. Meneja wa mauzo anayezungumza na wanunuzi wa nje akitakiwa kujua lugha yao, inaeleweka. Lakini msimamizi wa zamu anayekaa na Watanzania arobaini kutwa nzima, lugha anayoihitaji kuliko zote ni Kiswahili. Sharti la lugha ya wakubwa kwa nafasi ile linahitaji maelezo mazito. Muulize pia kila anayekuambia habari ya diploma: sharti liliwekwa lini, limeandikwa wapi, na liliwahusu waliokuwepo au linaanza na wewe?

Kuhusu wageni wenyewe. Mgeni hafanyi kazi nchini bila kibali, na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa urithishaji, yaani aonyeshe ni kwa namna gani ujuzi wa yule mgeni utahamia kwa Mtanzania atakayeishika nafasi ile baadaye. Kwenu ujuzi unatembea kinyume, kutoka kwako kwenda kwa mgeni. Afisa Kazi wa mkoa, ofisi yake iko Iringa mjini, ana mamlaka ya kukagua vibali vimetolewa kwa kazi gani na kama ndiyo kazi inayofanyika. Anaweza pia kuuliza jambo jingine ambalo waajiri wengi hawalitegemei: kifungu cha 7 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wake wa kuleta fursa sawa na kuondoa ubaguzi kazini. Muombe Afisa Kazi, kwa heshima, aulize kama mpango huo upo.

Sisemi haya ili tuwachukie wageni. Nchi hii ilishaamua mapema. Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba raia wa Tanganyika hatapendelewa wala kunyimwa kazi serikalini kwa rangi yake, na uamuzi ule haukumpendeza kila mtu. Kipimo kile kile ndicho tunachomwekea mwekezaji leo.

Na tukishachora ile orodha, tuwe tayari kwa itakachotuonyesha kuhusu sisi wenyewe. Malalamiko yanayonifikia kutoka Nyanda za Juu Kusini si ya wageni tu. Yapo mashamba ya chai ambako nyapara ni Mtanzania, na kila anayepandishwa ni wa kijiji chake. Zipo ghala za parachichi ambako "wa kuja" hawagusi mizani. Kabila na mahali mtu anakotoka vimetajwa kwa jina kwenye kifungu cha 7, sambamba na rangi. Kama kwenye kaunta buku yako utaona wenyeji wachache waliopanda wote ni ndugu wa mtu wa ofisini, liandike na hilo.

Kuna ubaguzi mwingine unaotuumiza sana watu wa huku, nao huja umevaa sifa. "Watu wa Iringa ni watiifu." "Wabena hawachoki." "Mkinga mpe mzigo, hatasema." Utasikia Dar es Salaam mtu anatafuta binti wa kazi za ndani na anasisitiza atoke Iringa, kana kwamba utumishi umo damuni. Sifa hizi zina historia. Enzi za mkoloni vijana wa Njombe na Iringa walikusanywa kwa maelfu kupelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, tukaitwa manamba, na kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuandikisha watu, SILABU. Serikali ya mkoloni yenyewe ilikuwa na viwango vya mishahara kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mtu anayesifiwa kwa kubeba hafikiriwi siku ya kutafuta wa kusimamia. Ukisikia meneja anakusifu mbele ya wageni kwamba "huyu mama ni mvumilivu sana, miaka sita hajalalamika", jibu kwa upole kwamba kwa miaka sita umeendesha mashine na kufundisha watu. Kisha nenda nyumbani ukaandike tarehe.

Choo sasa. Ikiwa kufuli limewekwa kwa cheo, meneja ana chake na mafundi wana chao, hilo ni jambo la adabu ya kampuni na linaweza kujadiliwa. Ikiwa fundi mgeni wa daraja lako anapewa ufunguo na fundi Mtanzania hapewi, hapo rangi ndiyo ufunguo. Mbali na ubaguzi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka vyoo vya kutosha na vinavyofaa kwa wafanyakazi, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanakagua. Wakati mwingine hii ndiyo njia rahisi ya kuanzia, kwa sababu hakuna anayeweza kusema choo ni hisia zako. Wazee waliofanya kazi viwandani miaka ya 1970 watakumbuka kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa 1971, kilichomkataza kiongozi majivuno na dharau. Wafanyakazi walikishika kama silaha. Ule ulikuwa mwongozo wa chama, leo unayo sheria.

Hofu ya mumeo siipuuzi. Mkataba wa miezi mitatu ni kamba fupi, na waajiri wanajua hivyo. Lakini sheria haimwachi mtu wa mikataba ya kuongezwa ukiwani. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinahesabu kutokuongezwa mkataba kuwa ni kuachishwa kazi, ikiwa mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utaongezwa. Mtu aliyeongezewa mfululizo kwa miaka sita, kazi ile ile, mashine ile ile, ana hoja ya matarajio hayo. Ndiyo maana nasema tunza mikataba yote. Kifungu cha 37 nacho kinasema sababu ya kuachisha si halali ikiwa ni ubaguzi, au ikiwa ni kumwadhibu mtu kwa kutumia haki aliyopewa na sheria. Kama mkataba uliosaini uko kwa lugha usiyoisoma, jua kwamba mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha umeelezwa masharti yake kwa namna unayoielewa.

Hata hivyo sitakudanganya. Kuna watu wameshinda kesi wakapata fedha na kazi wasirudi nayo. Kuna mashauri yamechukua miezi mingi huku mtu anadaiwa kodi ya nyumba na ada za watoto. Pima hilo na mumeo mkiwa mmekaa, na mpime pia gharama ya kukaa kimya miaka sita mingine.

Kinachopunguza hatari kuliko chochote ni kutokwenda peke yako. Kwa kiwanda kama chenu ulizieni TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara, au TPAWU, cha wafanyakazi wa mashambani, kama kampuni ina mashamba ya miti pia. Chama kikipata wanachama kumi mahali pa kazi kina haki ya kufungua tawi, na mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwa kujiunga. Orodha yako ikiwasilishwa na tawi, inakuwa suala la wafanyakazi wa kukaushia, siyo la mwanamke mmoja msumbufu. Ongea kwanza na wawili watatu unaowaamini, nje ya kiwanda, na siyo kwenye kundi la WhatsApp la zamu.

Kisha andika barua. Usianze na neno ubaguzi. Anza na swali, kwa Kiswahili, kifupi hivi: "Mnamo tarehe fulani niliomba nafasi ya msimamizi wa zamu nikajibiwa kwa mdomo kwamba sina sifa. Naomba nifahamishwe kwa maandishi sifa za nafasi hiyo, tarehe zilipoanza kutumika, na kama zinawahusu wasimamizi waliopo. Naomba pia kujua mafunzo ambayo kampuni inatoa kwa wafanyakazi wanaotaka kufikia nafasi hiyo." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa au mpokeaji aandike jina na tarehe. Wakikataa kuipokea, itume kwa njia inayoacha alama, na shahidi ajue. Barua hii haina kosa lolote la nidhamu ndani yake. Wakijibu, utaona kama sababu zao zina mwili. Wasipojibu, ukimya wao nao ni ushahidi utakaokwenda nao mbele.

Mbele ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ofisi ya Iringa. Unajaza fomu namba moja, unampa mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Hulipi ada. Unaweza kusindikizwa na ofisa wa chama, wakili, au mwakilishi wako mwenyewe. Shauri linaanza kwa usuluhishi, ambao sheria imeupa siku 30, na hapo ndipo waajiri wengi hulegea, kwa sababu wanaogopa zaidi kusomewa orodha hadharani kuliko kulipa. Msiposuluhishwa linakwenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Sema mapema unachokitaka. Watu hufika pale wakidai "haki" tu, msuluhishi akiuliza haki gani wananyamaza. Wewe unaweza kudai usailiwe kwa nafasi kwa vigezo vya wazi, mkataba usio wa miezi mitatu, malipo ya kazi ya kufundisha uliyoifanya, na sharti la lugha liondolewe kwa wasimamizi wa zamu.

Kuna jambo moja kwenye barua yako linalonisumbua: hukutaja tarehe uliyonyimwa usimamizi. Mashauri ya kuachishwa kazi hufunguliwa CMA ndani ya siku 30, na mengine, likiwemo lako, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Ukichelewa kuna fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, lakini lazima utoe sababu nzuri, na Tume inaweza kukataa. Kama siku hizo zimepita, omba nafasi upya kwa maandishi inapotangazwa au inapoachwa wazi, ili kukataliwa kwako kuwe na tarehe yake. Kama hazijapita, zihesabu usiku wa leo kabla hujaandika mstari wa kwanza wa ile kaunta buku.